Dakika Tatu Kabla ya Kuzima

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nilisema hivyo mwaka ule nilionunua gari la mluzi, na nilikuwa na haki ya kusema. Nilianza maisha na gunia moja la mkaa, nikilibeba mgongoni kutoka msitu wa Mau hadi Njoro, kisha narudi kuchukua la pili. Nimemwona chui akinywa maji kwenye sufuria yangu. Nimemwona mtu aliyeniita boi kabla ya bendera kushushwa akiniita bwana mkubwa wiki iliyofuata, kwa mdomo ule ule na kofia ile ile. Shule nilikwenda miaka miwili, na huo wa pili niliumwa surua. Hesabu nilifundishwa na mkaa. Mkaa ukikosea hesabu yake unalala njaa, na mimi sikulala njaa mara nyingi.

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa na duka la jumla pale Bahati, nyumba mbili za kupangisha mjini Nakuru, na viazi vya Mau Narok vilikuwa havishuki mlimani bila kunipigia saluti. Kitu kimoja kilikuwa bado: gari. Nilikuwa na pikapu, lakini pikapu ni chombo cha kazi, hata fundi wa mabomba anayo. Nilitaka gari ambalo likipita, mtu aliye chooni anatoka kuangalia.

Nikalipata kwa mkulima mmoja wa kizungu huko Mau Narok, aliyekuwa akiuza kila kitu arudi kwao. Lilikuwa gari la Kimarekani, limetumika karibu miaka kumi, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ndani ya injini lilikuwa na kitu kinachoitwa turbo. Mzungu alinieleza kwa mikono. Moshi unaotoka unazungusha feni ndogo, ile feni inasukuma hewa kwenda ndani, basi injini inapumua kwa mapafu ya watu wawili. Ukikanyaga mafuta kwenye mlima, feni inapiga mluzi. Alikanyaga, likapiga. Nikajua nimeshanunua, kilichobaki ni kujifanya sijapenda.

Tulipokubaliana bei, mzungu aliongeza neno. "Wewe chukua gari, chukua dereva. Gari bila dereva, hapana."

Nilidhani ni maneno ya muuzaji. Hata hivyo nikamchukua dereva, kwa sababu mtu mwenye gari la namna ile anayejiendesha mwenyewe ni kama bwana harusi anayejipigia ngoma. Alikuwa mtu mrefu wa upande wa magharibi, makamo yangu, mpole wa maneno. Baba yake alikuwa akitia makaa kwenye injini za reli pale Nakuru, naye alikulia katika nyumba za reli. Kwa mzungu alikuwa ameendesha gari lile tangu liliposhuka melini.

Jambo moja la kuchekesha: usukani ulikuwa upande wa kushoto, ule wa abiria. Kwa hiyo mimi, mwenye mali, nilikaa kulia, mahali pa dereva, mikono nimekunja kifuani. Siku ya kwanza tulipoingia Bahati, mama mmoja muuza kabeji akawaambia wenzake, "Tazameni, huyu anaendesha kwa macho." Sikumsahihisha. Wiki nzima kulikuwa na watu waliokuwa wakiamini hivyo, na wengine walikuwa watu wazima wenye kura.

Dereva alikuwa mzuri. Kosa lake lilikuwa moja, nami nikaliona siku ya pili. Tukifika mahali, mimi nashuka, yeye hashuki. Anabaki ameketi, mikono juu ya magoti, injini inanguruma polepole, anaitazama saa yake. Dakika tatu. Tukiwa tumetoka kupanda mlima wa Mau Narok, nne. Halafu ndipo anazima, anashuka, na kufunga mlango kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Dereva," nikamwuliza, "unamngoja nani?"

"Simngoji mtu, mzee. Inapoa."

"Basi izime ndiyo ipoe. Hata ugali unapoa ukitolewa motoni."

"Hii si ugali, mzee."

Sikupenda jibu lile, hasa kwa sababu watu wa dukani walicheka. Nikapiga hesabu. Dakika tatu hapa, tatu pale, nne mlimani, kila siku ya Mungu; kwa mwezi ilikuwa inatoka karibu debe la petroli, inachomwa na mtu aliyekaa. Nilimkanya mara tatu. Mara tatu alisema, "Sawa, mzee," na mara tatu akakaa. Ya nne nikamfukuza. Nilimfukuza siku ya soko, mbele ya watu, kwa sababu kumfukuza mtu bila watu ni kazi bure. Na mshahara wake wa nusu mwezi nikauzuia, nikamwambia hiyo ndiyo bei ya petroli aliyokuwa akiikalia.

Akaniachia funguo juu ya kaunta. Mke wangu, aliyekuwa akipima sukari, ndiye aliyesema.

"Sasa ataendesha nani?"

"Mimi."

"Kwa macho?"

Nikaendesha mwenyewe, na niseme wazi, niliendesha vizuri. Tena nilileta akili ya biashara katika jambo lile. Nikitoka Mau Narok nilikuwa nakanyaga mafuta hadi kilele cha mwisho, mluzi unalia mpaka ng'ombe wanainua vichwa, halafu pale pale juu nazima injini, naweka nyutro, naliacha gari literemke lenyewe. Bure kabisa, bila tone. Kuna siku nilikwenda hivyo mpaka karibu na mashamba ya Njoro, upepo tu ukivuma dirishani, nikiwapungia mkono watu waliokuwa wakilipia nauli. Nikifika dukani nilikuwa nazima magurudumu yakiwa bado yanazunguka. Niliwaeleza wenzangu wote namna ile ya kuendesha. Wawili walianza kuniiga na pikapu zao.

Mwezi wa tatu tangu nianze kuendesha, gari likaanza kuchoka.

Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Ukilipeleka mlimani, lilikuwa kama mzee aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani. Nakanyaga, linafikiri. Nakanyaga hadi chini, linafikiri zaidi, na nyuma linaacha moshi wa rangi ya buluu. Siku moja tukipanda Mau Narok, mimi na mke wangu, tukapitwa na trekta. Si trekta tupu, trekta lenye tela la viazi, na juu ya viazi wamekaa akina mama wanne. Mmoja akainama akaniuliza, kwa heshima sana, "Mzee, tuwatupie kamba?"

Mke wangu akangoja trekta lipite. "Ule mluzi uko wapi?"

"Uko."

"Mimi nasikia wewe tu."

Na ni kweli. Siku mluzi ulipokufa mimi sikujua. Lazima nilikuwa nikizungumza.

Wiki hiyo hiyo dereva akaja dukani. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, limepigwa pasi. Akanieleza shida yake kwa ufupi. Kulikuwa na shamba kubwa la ngano huko Mau Narok lililotaka dereva wa lori kabla ya mavuno. Msimamizi alimpenda, lakini alitaka barua kutoka kwa mwajiri wa mwisho, na barua ya mzungu haikutosha kwa sababu mzungu hakuwa wa mwisho. Wa mwisho nilikuwa mimi. Nafasi angewekewa hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo apewe mwingine. Alikuwa na watoto watano katika chumba cha ndugu yake.

"Mistari miwili tu, mzee. Kwamba nilikufanyia kazi na sikugonga kitu."

"Gari limekuwa bovu tangu uondoke," nikamwambia.

"Limekuwaje?"

"Halina nguvu."

"Linapiga mluzi?"

"Usiniulize maswali juu ya gari langu."

Alitoka nje, akainama nyuma ya gari, akapitisha kidole ndani ya bomba la moshi. Kidole kikatoka cheusi, chenye mafuta. Akakitazama sana. "Mzee," akasema, "wewe ukifika, unakaa kidogo kabla ya kuzi..."

Nikamkatiza. Mtu niliyemfukuza kwa kukaa alitaka kunifundisha kukaa. Nikamwambia barua itaandikwa nikishajua alicholifanyia gari langu, na barua hiyo huenda asiipende.

Basi tukaingia kwenye mambo ya sukari.

Pale Bahati kulikuwa na hoteli ya chai ambapo sisi wafanyabiashara tulikutana asubuhi kusaidia kuongoza nchi. Nilipoeleza habari ya gari, hakuna aliyechukua hata dakika moja kufikiri. "Umemfukuza mtu kwa ubaya? Basi amekutilia sukari kwenye tangi." Wote walikuwa na mfano. Binamu wa huyu alitiliwa, shemeji wa yule alitiliwa kilo nzima. Akaitwa fundi wa pale sokoni, mtu mwenye spana tatu na sifa kubwa. Akafungua tangi, akachovya kijiti ndani, akakilamba.

Tulingoja. Alifumba macho kama anayeonja uji wa wakwe.

"Kuna utamu," akasema.

Akanipa kijiti. Nilionja. Ladha ilikuwa ya petroli, lakini mimi ni mwenye duka la jumla, nauza sukari kwa magunia; ningekuwa mtu gani nikishindwa kuisikia? Nikasema kweli, utamu upo, tena ni sukari ya kiwandani, si sukari guru. Kijiti kikazunguka hoteli nzima. Watano walisikia sukari. Mmoja akasema kwake ni chumvi, akaambiwa ana homa.

Hivyo ndivyo jambo lile lilivyothibitishwa. Kufika jioni Bahati yote ilijua, na kufika Jumamosi habari ilikuwa imepanda hadi Mau Narok, tena kwa kasi kuliko gari langu. Mimi nililipa fundi asafishe tangi, abadilishe plagi, na petroli yote tukaimwaga nyuma ya duka. Gari likarudi barabarani. Likapanda mlima vile vile, likifikiri.

Dereva akaja mara ya pili. Sasa hakuwa na koti.

"Nasikia nilitia sukari."

"Watu wanasema."

"Watu walisikia kwa nani?"

Nikamwambia nilisikia ladha kwa ulimi wangu mwenyewe. Akatikisa kichwa polepole. "Mzee, sukari inauzwa. Ungenilipa nusu mwezi wangu, ndiyo ningekuwa na ya kununulia sukari ya kutia."

Mke wangu akageuka upande wa rafu za sabuni, mabega yakitikisika. Mimi sikucheka. Dereva akasema kwamba kule shambani msimamizi amesikia pia, na sasa hata mistari miwili haitoshi. Lazima barua iseme kwamba hakuna sukari. Siku kumi zilikuwa zimebaki. Nikamwambia mimi siandiki uongo.

Baada ya hapo nililipeleka gari Nakuru. Kulikuwa na fundi wa Kihindi, Singasinga mzee mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha buluu kilichotiwa doa la grisi upande mmoja, mwenye gereji ya mabati karibu na reli. Walisema anaweza kuutambua ugonjwa wa injini akiwa anakunywa chai mtaa wa pili. Kiswahili chake kilikuwa kama Kiingereza changu, lakini injini zilimwelewa.

Nikampa ripoti kamili: mlima, trekta, moshi, dereva, sukari. Alisikiliza yote. Kisha akaingia ofisini, akatoka na kibakuli chake cha sukari ya chai na chupa tupu ya jemu. Akatia petroli kwenye chupa, akatia kijiko cha sukari, akafunga, akatikisa, akaniwekea juu ya bonneti.

"Wewe angalia."

Nikaangalia. Sukari ilishuka yote, ikalala chini kama mchanga wa mtoni. Akatikisa tena. Ikalala tena.

"Petroli hapana kula sukari," akasema. "Wewe iliona mchanga kama hii kwa tangi?"

"Hapana."

"Basi nani ilisema tamu?"

"Fundi wa sokoni."

"Yeye peke yake?"

Nikamwambia tuendelee na gari.

Alifanya kazi kwa utaratibu wa kuudhi. Kwanza alitoa filta ya hewa, akaipiga kwenye goti, vumbi la Mau Narok likamwagika, lakini akasema si hiyo. Akatoa plagi, zilikuwa mpya, akazirudisha. Akashika mipira yote ya hewa, mmoja mmoja, akiiminya na kuisikiliza, injini ikiwa inanguruma, akitafuta mahali inapovuja. Haikuvuja. Akaniambia tukapande kilima kinachoelekea Menengai, yeye amekaa kulia, kichwa nje ya dirisha, kilemba kwenye upepo. Nikaanza kumweleza jinsi ninavyoendesha.

"Bwana," akasema, "wewe funga mdomo kidogo. Mimi nasikiliza."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kuniambia hivyo bila kuwa mke wangu. Nikanyamaza. Nikakanyaga mafuta hadi chini. Injini ilinguruma, upepo ulipita, na hakukuwa na mluzi wowote. Nilikuwa nimeendesha vile wiki ngapi, sijui.

Tuliporudi aliniambia niingize gari kwenye mabati, nami kwa mazoea yangu nikageuza ufunguo, tap. Akageuka akanitazama. Nilimwona analiweka jambo lile akilini.

Injini ilipopoa akafungua mpira mkubwa wa hewa, nyuma yake kukawa na gurudumu dogo la chuma lenye mabawa, kama ua. Akanishika kidole changu mwenyewe, akakiweka juu yake.

"Sukuma."

Nikasukuma. Likagoma. Nikasukuma kwa nguvu, likazunguka robo, likikwaruza.

"Hii lazima nazunguka ukipuliza na mdomo tu," akasema. "Hii imekufa."

Akalifungua lote, na kazi ile ilichukua mpaka saa tisa alasiri. Akatandaza gazeti juu ya meza, na kwa ncha ya bisibisi akakwaruza mahali ambapo mhimili wa ile feni unapita. Vikaanguka vipande vyeusi, vigumu, vinavyong'aa kidogo. Akaviweka kwenye kiganja changu.

"Hii nini?"

"Uchafu."

"Hapana uchafu. Angalia sana."

Nikakivunja kipande kwa kucha. Kikatoa ile sauti ndogo kavu. Kikaacha weusi kwenye vidole, weusi ambao nilikuwa nimeuosha kwa miaka kumi na minne na sabuni za kila namna. Hapo ndipo niliposhangaa, nakubali. Niliuza mkaa miaka kumi na minne, na uliponijia kwenye kiganja sikuujua.

"Mkaa," nikasema.

"Mkaa," akasema. "Oili napita hapa, napoza. Wewe napanda mlima, feni nakuwa moto kama jiko. Halafu wewe nazima. Oili nasimama. Nakaa juu ya jiko, naungua, nakuwa hii. Kila siku kidogo, kila siku kidogo. Sasa imejaa."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mkaa unatengenezwa hivyo hivyo: unawasha moto mkali, halafu unaufunika ghafla. Nilikuwa nimepanda mlima na tanuru, nikilifunika kileleni, na kuwapungia watu mkono.

"Zamani nani iliendesha?" akauliza.

"Dereva."

"Yeye akifika, nafanya nini?"

Nikamwambia alikuwa anakaa. Dakika tatu, injini ikinguruma polepole. Akitoka mlimani, nne.

Fundi akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Huyo ndiyo fundi," akasema. "Mimi nafungua na nafunga tu. Huyo iko wapi?"

"Nilimfukuza."

"Kwa nini?"

"Kwa kukaa."

Singasinga hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Akaniambia kwamba anamjua mtu Nairobi aliye na turbo moja ya namna ile, haijatumika, moja tu katika nchi nzima kadiri anavyojua, na kwamba anaweza kuileta na kuifunga. "Lakini mimi nafunga, wewe nazima kama leo, miezi tatu nakufa. Halafu hapana nyingine. Kwanza wewe leta ile dereva, nafundisha wewe. Halafu mimi nafunga."

Nilikaa nje ya gereji juu ya tairi kuukuu. Nasema ukweli: nilifikiria kunyamaza. Fundi hakuwa na mtu wa kumwambia kule Bahati. Ningeweza kusema sukari ilipatikana, ikasafishwa, gari likapona, na heshima yangu ingebaki mahali pake. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumamosi, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Kunyamaza siku mbili tu kulitosha, nafasi ya lori ingekwenda kwa mwingine, na jambo lile lingekufa lenyewe. Lakini nilikuwa bado nimeshika kile kipande kiganjani, na kilikuwa kimeniandika mkono mzima.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kumtafuta. Kwa ndugu yake waliniambia yuko Salgaa, anaosha malori. Gari langu lilikuwa limefumuliwa juu ya meza, pikapu ilikuwa imekwenda na viazi, basi nikapanda lori la mkaa la mtu niliyefahamiana naye zamani. Mbele kulikuwa kumejaa. Nikapanda juu, nikakaa kwenye magunia na suti yangu.

Salgaa wakati ule ilikuwa vibanda vichache vya chai na malori yaliyoegeshwa kando. Dereva alikuwa amekunja suruali hadi magotini, ndoo mkononi, anasugua gurudumu la lori la mtu mwingine. Nilisimama mbele yake nikiwa mweusi wa mkaa kutoka shingoni hadi viatuni. Alinitazama muda mrefu.

"Umerudi kwa kazi ya kwanza, mzee?"

"Nimekuja kwa gari."

"Nimeona."

Nikamweleza. Sikuwa na mazoezi ya kueleza jambo la namna ile, nikaanza na habari ya gereji, nikazunguka kwa filta na plagi, mwisho nikafungua mkono nikamwonyesha kile kipande. Alikichukua, akakivunja, akatikisa kichwa.

"Baba yangu alikuwa ananichapa kwa hiki," akasema. "Kule reli hukuruhusiwa kuua moto ghafla. Nilitaka kukueleza siku ya kwanza, ukaniambia habari ya ugali."

Nikamwambia arudi kazini kwangu, nitamwongezea mshahara. Nilitaja na kiasi, kiasi kizuri, na nikaongeza kwamba watu wengi wangefurahi kuendesha gari kama lile. Alichovya kitambaa kwenye ndoo.

"Barua, mzee."

"Nakupa kazi, wewe unataka karatasi?"

"Kazi yako unaweza kuninyima tena siku ya soko. Karatasi itakuwa yangu."

Tulirudi Nakuru pamoja, tena juu ya magunia. Kwenye veranda karibu na posta kulikuwa na karani mwenye mashine ya chapa aliyekuwa akiwaandikia watu barua, kwa maana mimi saini yangu naijua vizuri, hayo mengine nawaachia wenye kazi. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaanza kusema. Nilianza na mimi ni nani, nilivyoanza na gunia moja, biashara zangu, nyumba zangu, gari langu na asili yake. Karani alipiga chapa mpaka katikati ya ukurasa, akasimamisha vidole.

"Mzee, samahani. Hii barua ni yako au ya dereva?"

Akatoa karatasi, akaweka nyingine. Mara ya pili dereva alisimama nyuma yangu, na barua ikawa fupi. Ilisema kwamba mtu huyu alinifanyia kazi na hakugonga kitu. Kwamba alikuwa akikaa dakika tatu kabla ya kuzima injini, na alikuwa na haki. Kwamba mimi nilizima ghafla na nikaliua gari mwenyewe. Na kwamba hakukuwa na sukari. Pale kwenye "mwenyewe" niliomba neno lingine. Karani akamtazama dereva, dereva akatazama barabara. Neno likabaki. Nikatia saini.

"Na nakala moja," dereva akasema.

"Ya nini? Shamba litataka moja tu."

"Ya hoteli ya Bahati. Maneno ya sukari yalitokea pale."

Nikamlipa nusu mwezi wake pale pale kwenye ngazi za posta. Jumamosi alipanda Mau Narok na barua, na Jumatatu alikuwa juu ya lori la ngano. Kabla ya hapo, Jumamosi ile ile alfajiri, alitimiza lile sharti la fundi. Turbo ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo alinifundisha ndani ya pikapu. Tuliegesha mbele ya duka, injini ikinguruma polepole, akanionyesha saa. Tukakaa. Dakika tatu ni ndefu sana kwa mtu aliyekatazwa kuzungumza. Nilisikia vitu vingi: vali, feni, mke wangu akifagia, hata jogoo wa jirani. Alipoinua kidole nikazima.

"Umeona, mzee," akasema, "hujafa."

Nakala nilibandika kwa mkono wangu pale hotelini, kando ya orodha ya bei ya chai na mandazi. Wale watano waliosikia sukari waliisoma, wakainamia vikombe. Yule wa chumvi ndiye aliyeisoma kwa sauti, tena mara mbili, na mpaka leo anataka tumwombe msamaha kwa habari ya homa. Wale wawili walioniiga kuteremka bure wakaacha siku hiyo hiyo.

Mwezi uliofuata turbo ikafika kutoka Nairobi, fundi akaifunga, na mluzi ukarudi mlimani kama ulivyokuwa. Mke wangu siku hizi huushika mkono wangu nikitaka kugusa ufunguo mapema. Ukiweka pamoja fundi wa ulimi, petroli iliyomwagwa nyuma ya duka, Singasinga na turbo yake, nusu mwezi wa dereva, barua shilingi mbili na ile nakala senti themanini, kukaa kwa dakika tatu, nilikokataa kulipia, kulinigharimu shilingi elfu mbili mia nne na sita, na senti themanini.